Mashine ya kufulia ya shemeji

Si nilikuambia siri ikiingia kwangu imeingia kaburini? 😂

Leo nimemsindikiza dada kwa wakili anayewasuluhisha kwenye talaka yao. Shemeji naye yupo, kanuna.

Dada kauliza vyombo vya ndani vinagawanywaje. Wakili: "Mahakama itaamua. Anayehamisha kitu kabla ya hapo anajiharibia kesi."

Shemeji akadakia, "Na mashine yangu ya kufulia iko wapi?"

Kiherehere changu! "Shemeji, nani abebe dubwana lile? Labda umeliuza mwenyewe!"

Nani abebe! Kwa mdomo wangu huu!

Simu ikaita. Mama. Nikapokea nimwambie nitampigia baadaye. Na unaijua simu yangu, bila spika haisikiki.

"Mwanangu, hii mashine mliyoniletea na dada yako inawashwaje?"