Wifi Kamwanika Mwanangu Kwenye Blogu Yake, Nimfungie Mlango?

Mpendwa Bi Mwanakhamisi, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo ukoo mzima utanisema.

Tunaishi Iringa mjini, na mume wangu Silvester ana dada yake, Eveline, mwalimu wa shule ya msingi huko Igowole, na huyu wifi pamoja na ualimu ana blogu anaandika mambo ya kufundisha na kulea watoto, ana wasomaji wengi na mimi nilikuwa najivunia kweli, na kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la binti yangu, kila Jumapili natuma makala nzuri za wiki, za walimu, za malezi, hata za namna ya kuanzisha blogu, na wazazi wanazisubiri.

Sasa binti yangu Pendo yuko darasa la nne na kusoma kulikuwa kunamshinda, neno refu analikata katikati na mwisho wake anabuni, ndipo likizo iliyopita tukampeleka kwa shangazi yake akamfundishe, na nisiwe mchoyo wa shukrani, alirudi anasoma. Kumbe wifi alikuwa anamfundisha huku anamwandika! Kaandika makala ndefu kuhusu mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma, kaeleza alivyokuwa akilia akiona kitabu, alivyojikojolea siku alipoambiwa asome mbele ya watoto wa jirani, na jina kweli hakuliweka, lakini kaweka picha ya mtoto kwa nyuma, amevaa sweta la kijani lenye mistari ya njano alilofumiwa na bibi yake, na kwa baridi ya huku sweta hilo Pendo halivui, shule nzima inalijua.

Wifi alinitumia linki Jumapili nikiwa jikoni, nikaona jina lake, nikaisukuma kwenye kundi palepale nikaandika, "Wazazi wenzangu, hii imenigusa sana, someni mpaka mwisho." Sikuwa nimeifungua. Jioni mama mmoja ananiuliza, "Mama Pendo, huyu si wako?" Kesho yake wenzake Pendo wakampokea getini shuleni kwa kelele huku wameshika pua, akarudi nyumbani analia, akachukua simu yangu akaisoma makala yote mwenyewe bila kukwama, halafu akavua sweta akalitupa kwenye jiko la mkaa, na tangu siku hiyo shule haendi.

Nimempigia wifi, ananijibu, "Sasa wifi, jina si sijaweka? Watu wananishukuru mpaka wa Mbeya huko, walimu wanaomba niandike nyingine." Nyingine! Silvester naye anasema, "Dada kamsaidia mtoto, na aliyesambaza ni wewe, sasa unamlilia nani?" Mwezi ujao kaka yake Pendo anapata kipaimara, na kwetu shangazi asipokuwepo ni kama sherehe haijafanyika, lakini nimeapa nikimwona mlangoni namfungia. Nitakuwa nimekosea?

Mama mwenye uchungu, Iringa

JIBU

Marahaba, mama. Nianze na kilichonipandisha presha mimi. Majina yote hapo juu nimeyabandika mwenyewe, na rangi za sweta nimezibadilisha. Wewe uliniletea jina la mtoto lilivyo, shule, mkondo, na ile picha ukaiambatanisha. Ya nini? Unamlaani wifi kwa kumwanika mtoto, kisha unamleta kwenye gazeti ambalo kesho watu watafungiwa maandazi!

Wifi yako ana kosa, tena kubwa. Mtoto aliletwa kwake kama amana, na machozi yake yalikuwa sehemu ya amana hiyo. Hiyo ya "jina si sijaweka" akawaambie wasiojua watoto. Kama kweli alitaka kuwasaidia walimu wenzake, angeandika alianza na silabi gani na alifanya nini mtoto alipokwama. Mkojo wa Pendo unamfundisha mwalimu gani kusomesha?

Silvester naye asijifiche nyuma ya kosa lako. Huyo ni dada yake, tumbo moja. Leo hii ampigie, na makala itoke pamoja na picha. Si kurekebishwa, kutoka. Akigoma, mumeo apande gari aende Igowole.

Na wewe, katibu wa wazazi. Umewaambia watu wazima wasome mpaka mwisho kitu ambacho hukukifungua, ukasema kimekugusa. Hizo za Jumapili nyingine ulizisoma? Nina wasiwasi. Rudi kwenye kundi uandike: nilituma makala bila kuisoma, inamuumiza mtoto, aliyeihifadhi aifute, na kila mzazi azungumze na mwanawe. Usitaje mtoto wa nani wala usijieleze. Kisha kamwone mwalimu wa darasa, ana kwa ana, awashughulikie hao wa getini. Makala za wiki achia wengine kwa sasa.

Kuhusu kipaimara, usifunge mlango. Siku ya kijana wako si baraza la usuluhishi. Lakini wifi aje kabla ya siku hiyo, akae na Pendo, amwombe radhi, simu ikiwa kwenye pochi. Nisisikie baadaye kaandika makala ya namna ya kumwomba mtoto msamaha! Na Pendo akinuna, anune. Mtu asimlazimishe kumwamkia shangazi kwa tabasamu ili wakubwa wapumue.

Halafu shuleni mpeleke wewe mwenyewe, umshike mkono mpaka mlangoni mwa darasa. Usimwambie wenzake watasahau, hujui. Mwambie, "Mama nilikosea, nisamehe." Barua yako ndefu nimeirudia tena nikitafuta mahali ulipomwambia hivyo. Sikupaona.