Ua la Boga Nyuma ya Kiatu

Nateete, Kampala
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Kabla ya yetu nakuuliza yako. Goti linakusumbua sasa mvua zimeanza? Bibi yetu Kukhu bado anakohoa asubuhi? Na mdogo wetu Nafula, ameacha kusinzia darasani, au mwalimu ameshamzoea? Sisi huku tunapumua na tunakula. Baba amerudi kwenye kibanda chake cha vipuri vya baiskeli baada ya kushinda hospitalini Mulago juma zima. Barua yako ilitufikia kwa mkono wa yule mama anayeleta vitunguu, nami nimeisoma mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Umesema umepaka nyumba chokaa, mlango umeupaka rangi ya kijani anayoipenda Barasa, na kitanda chake umekihamishia dirishani ili akirudi aone barabara hata akiwa amelala.

Mama, keti kwanza. Mwite Kukhu akae karibu nawe.

Baba ameniambia niandike mimi kwa sababu yeye akishika kalamu anabaki kuitazama. Macho ya Barasa hayatarudi. Daktari anasema presha ya ndani ya macho imeua mshipa unaopeleka mwanga kichwani, na mshipa huo ukishakufa hakuna dawa wala kisu cha kuufufua. Alisema polepole, kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyekuwa namfasiria Baba. Sikuwahi kufikiri Kiingereza changu cha vitabuni kingepewa kazi ya namna hiyo. Baba aliuliza, "Hata Nairobi?" Nikageuza swali. Daktari akatikisa kichwa, akasema hata Ulaya. Kwa hiyo usianze kutafuta hospitali nyingine, Mama, wala usimwache mtu akupe matumaini ya mganga fulani. Barasa alikuwa ameketi palepale kitandani, akisikia maneno mara mbili, kwa lugha mbili.

Tangu saa ile hakusema neno. Aligeukia ukuta. Chakula alikipokea, akakishika mpaka kikapoa. Baba alimwita kwa majina yote, hata lile la utotoni, lakini wapi. Mimi unanijua: hata kwenye nyumba iliyojaa watu wetu sipati la kusema, sembuse kwenye wodi ya wagonjwa. Huku shuleni wananicheka Kiganda changu, na nikitumia Kiswahili wanasema naongea kama askari. Basi nilikuwa nikitoka shule naenda Mulago, nakaa pembeni ya kitanda nikiwa na sare yangu, tunanyamaza wote wawili.

Kwenye kitanda kilichofuata chake alilala askari mmoja wa makamo kutoka kaskazini, Afande Opio, jicho moja limefungwa bandeji. Huyo hajui kunyamaza.

"Hii mutoto ya Kenya imefunga duka," aliniambia siku ya tatu. "Mimi nimemupigia hadithi yote, hata ile ya mimi kukimbia nyoka na bunduki iko mukononi. Hakuna kucheka. Na wewe dada yake unakuja hapa kukaa kama sanamu ya kanisa. Leta kitu!"

Ndipo nikakumbuka kitabu.

Ni kile cha vyumba kumi na viwili, Mama, ulichotununulia sokoni Bungoma kwenye rundo la vitabu vya mitumba. Barasa alikuja nacho huku mwanzoni mwa mwaka, wakati macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Kila ukurasa ni picha ya chumba, kila chumba kina saa ya ukutani, na juu ya picha pana hadithi fupi ya Kiingereza. Mahali fulani kwenye picha hizo mchoraji ameficha kengele. Aliyeipata na kuandika alitumiwa kengele ya kweli, ya shaba. Tulijua muda wa zawadi uliisha kitambo kabla kitabu hakijafika kwetu, lakini Barasa alisema aliyeshinda alichukua kengele tu, jibu hakuondoka nalo.

Fumbo liko ukurasa wa mbele: uliza kila chumba saa ngapi, kisha chukua neno kinalokupa. Tulihangaika nalo miaka miwili. Yeye alikuwa macho, mimi maneno; picha nilimwachia. Barasa alitazama picha akaita, "Saa tatu!" nami nikahesabu kwenye hadithi mpaka neno la tatu, nikaliandika. Maneno kumi na mawili tuliyopata hayakuwahi kuwa na akili. Nadhani unakumbuka tulivyokuwa tukiyaimba kwa Kiswahili tukiosha vyombo, "Sufuria yake mvua na na shangazi," mpaka Kukhu akauliza ni wimbo wa dhehebu gani.

Barasa aliacha fumbo akaamua kuitafuta kengele kwa macho tu. Wewe unayajua yale macho, yaliyokuwa yanahesabu vifaranga kutoka juu ya mti. Aliona kila kitu kwenye picha zile, hata mchwa kwenye fremu. Siku moja alikuja mbio jikoni kukuonyesha ua la boga lililochorwa limeanguka mlangoni, kwenye picha ya kwanza. "Kumbe na Wazungu wanakula majani ya maboga!" Nawe ukainama, mikono ina unga, ukasema ndiyo, ni ua la boga hilo. Mimi nilikuwa nachota maji.

Basi nilikitoa kitabu chini ya kitanda huku Nateete. Panya walikuwa wamekitafuna kona za chini za kurasa za mwanzo. Nikakipangusa, nikaenda nacho Mulago.

Nilianza kumsomea kwa sauti ya chini. Afande akanikatiza.

"Soma kwa nguvu! Sisi pia tunalipa kusikia?"

Watu wakacheka, nami nikatamani kuingia ndani ya kurasa. Lakini nilipaza. Nilieleza chumba cha kwanza, cha pili, na nilipofika cha tatu nikasema kuna meza, kuna taa, na kuna paka juu ya kiti.

"Paka yuko chini ya kiti," ukuta ukajibu. "Hiyo ya juu ni kofia ya manyoya."

Mama, nilitazama tena. Ilikuwa kofia. Nilishika kitabu kwa mikono yote miwili nisije nikakiangusha.

"Aha!" Afande akasema. "Duka imefunguliwa."

Barasa hakucheka, lakini aligeuka. Alikuwa na alama ya shuka shavuni. Akasema kwamba kwa miaka miwili tumekuwa tukiitazama saa kama saa, pengine mishale inaelekeza kitu chumbani, dirisha au kabati. "Usiniambie saa ngapi. Niambie mshale mfupi unaelekea wapi. Rudi chumba cha kwanza. Nigusie hapa." Akanyoosha kiganja, vidole juu.

Nikakishika. Nilikuwa sijamshika mkono tangu daktari aseme. Nikaibonyeza sehemu ya kushoto ya kiganja, pembeni, katikati ya juu na chini.

"Hapa."

"Hapo ni kwenye tisa."

"Ndiyo, ni saa tatu."

Akakunja kiganja. Nilidhani amekasirika.

"Naliaka, umesema nini?"

"Saa tatu."

"Na namba iliyoandikwa pale?"

"Tisa."

"Sasa huyu mtu wa kitabu," akasema polepole, "kwao wanaita saa ngapi?"

Mama, shuleni nasema saa kwa Kiingereza kila siku na sikosei. Lakini kitabu hiki tulikisoma jikoni kwetu, na jikoni kwetu mshale ukiwa kwenye tisa jua limepanda na ni saa tatu, hakuna saa nyingine inayofikiriwa. Barasa alikuwa anaita saa yetu, mimi nahesabu maneno ya mtu ambaye siku yake haianzi alfajiri. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyetazama saa na mimi ndiye niliyetazama maneno, hakuna aliyeona vyote viwili. Ilibidi kazi zote mbili zije kwangu, naye anyooshe kiganja gizani.

Afande Opio alipoelewa alijipiga paja. "Wazungu! Mimi jeshini niliwahi kulala njaa kwa hiyo maneno. Kwa karatasi wameandika chakula inakuja saba. Mimi nikakuja saa saba. Watu walikula asubuhi, wameosha mpaka sufuria!"

Tukaanza upya. Nilibonyeza kiganja, Barasa akataja namba, nikahesabu, na Afande akayarudia maneno kwa sauti ya gwaride kila lilipoongezeka moja. Vyumba kumi na viwili. Sentensi ilitoka moja kwa moja kama mtu anayezungumza nasi. Nakutafsiria: Rudi kwenye mlango wa kwanza, utazame nyuma ya kiatu cha mvulana.

Barasa alipiga kelele. Muuguzi akaja na kutukemea, akasikia habari, akabaki naye kuangalia.

Nikafungua picha ya kwanza. Kuna mlango na mvulana amesimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nikashuka kwa macho mpaka kwenye kiatu. Kiatu kilikuwa nusu. Nyuma yake hapakuwa na kitu, ila alama za meno ya panya na, kupitia tundu, picha ya chumba cha pili.

"Ipo?" akauliza Barasa.

Nikafunika tundu kwa kidole gumba. Ni yeye aliyelipata jibu, Mama, na tangu daktari aseme hili ndilo jambo la kwanza alilolitaka, na nilikuwa nafikiri kumdanganya. Kusema ipo kulikuwa rahisi, asingejua. Lakini Afande alikuwa amekwisha kuinama na jicho lake moja.

"Panya imekula," akasema.

Barasa akaomba kitabu. Akaweka kidole kwenye ukingo uliotafunwa, akaufuata taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nyuma ya kiatu," akasema. "Lilikuwa la manjano. Limelala ubavu, mdomo umeelekea nje." Kisha akasema, "Halikuwa ua la boga."

Akatabasamu, na tabasamu likageuka. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kilio cha mtoto mdogo, amekumbatia kitabu. Afande alisimama katikati ya wodi akaamuru, "Nyinyi wote, tazama ukuta!" Nao wakatazama ukuta, watu wazima na bandeji zao, hata muuguzi.

Kwa hiyo wewe umeiona kengele, Mama, na Barasa ameiona. Mimi peke yangu sijaiona, na sitaiona.

Alipomaliza kulia aliomba chakula. Alipokuwa akila alianza kutembeza kidole kwenye blanketi. Nikamuuliza anafanya nini. "Naingia nyumbani," akasema. Kidole kikapita mlangoni. Mtungi mkono wa kushoto. Nguzo iliyomtoboa Baba paji la uso. Kigoda cha Kukhu. Msumari wa taa. Hatua chache, kisha kitanda chake nyuma ya mlango wa chumbani, mto upande wa ukuta. "Nyumba yote ninayo," akaniambia. "Kama kile kitabu. Mwandikie Mama asihamishe kitu."

Barua yako ilikuwa mfukoni mwa sare yangu. Sikuweza kumsomea sehemu ile ya kitanda.

Jioni ile nilimsimulia Baba kibandani. Alinisikiliza akiwa anafunga mbao za dirisha, zile ambazo bado zina matundu ya risasi za wakati wa vita. Alifungua kengele ya baiskeli iliyokuwa mpya kabisa, akaipangusa grisi kwa shati lake, na kesho yake akaiweka kwenye kiganja cha Barasa, kilekile. "Wamechelewa kuituma," akasema. Wodi nzima imeichoka kengele hiyo. Afande Opio anadai atarudishwa kazini akiwa na macho mawili lakini bila masikio.

Tutakuja shule zikifungwa, Barasa na mimi, na Baba atatusindikiza. Daktari ametaja shule wanakofundisha kusoma kwa vidole. Hilo tulizungumze tukiwa sote. Sasa nakuomba moja tu. Najua ulikihamisha kitanda kwa upendo na najua kilivyo kizito, lakini kirudishe nyuma ya mlango, mto upande wa ukuta. Na mtungi, na msumari wa taa, kama viliguswa wakati wa kupaka chokaa, virudi vilipokuwa. Mlango uache uwe wa kijani. Hilo nitamwambia mimi tukifika.

Nipelekee salamu kwa Kukhu, umshike mkono kwa niaba yangu. Kwa Nafula, umwambie asilie mbele ya Barasa na asikae kimya pia. Kwa mjomba anayetulimia, na kwa yule mwalimu wangu wa darasa la saba aliyenifundisha kupenda vitabu. Umwambie bado nasoma. Jirani anayekamua ng'ombe apewe habari hii na wewe mwenyewe, asiisikie sokoni.

Karatasi imefika ukingoni, nami sina neno lingine lenye nguvu. Mungu akukalie karibu usiku wa leo.

Ni mimi bintiyo,
Naliaka

Nyongeza: Barasa anauliza kama kigoda cha Kukhu bado kina ule mguu mfupi unaogonga sakafu mtu akikaa. Anasema kwa mlio ule atajua Kukhu yuko wapi. Kama mmekitengeneza, Mama, kiharibuni tena.