Kuku ya Siku ya Mungu

Lucien, mujukuu wangu,

Amani ikufikie huko Kinshasa. Huku Bagira tuko wazima. Maharagi imekauka vizuri. Mbuzi ya Rosette ilikula shuka yangu, tukagombana, kisha tukakula bugali pamoja.

Kalamu iko mu mukono ya dada yako Nathalie, maana mimi sikusoma. Hapa amesimama kuandika, anasema na mimi bibi yake:

«Koko, atakasirika. Ni chef wa mahospitali yote, hata yetu.»

«Chef yako, mimi nilimuogesha. Andika!»

Basi. Nimesikia kuna karatasi yenye kusema mutu akitumika kazi siku ya Mungu ao usiku, atalipwa sawa na siku ya kazi tu. Infirmières, wale wanatunza wagonjwa, wote wanalalamika. Inangoja signature yako.

Lucien, ulizaliwa siku ya Mungu, watu wakiwa ku misa. Ulikuja na miguu mbele, mukaidi tangu tumboni. Infirmière aliacha watoto wake nyumbani akakuvuta mupaka jioni. Nilimupelekea kuku. Alilia. Alisema serikali haijawahi kumuambia hata aksanti.

Leo ni Nathalie anaacha watoto wake. Anavaa blouse nyeupe, watoto wanashika mulango asitoke.

Ukitia ile signature, usirudi kwangu mikono mitupu. Leta kuku, moja kwa kila infirmière wa hospitali ya dada yako, makumi ine na mbili, na utawagawia weye mwenyewe, ukiwaangalia ku macho.

Usipotia, kuja hivi hivi. Nitakuchinjia kuku yangu.

Nakupenda, kichwa ngumu.

Koko Eulalie. Alama ya kidole yangu iko hapa chini.