Bibi Hakubaki Mlangoni

Jumamosi, 1 Julai 1967

Sinema na rafiki yangu Salme. Kauboi tena! Wanaume juu ya farasi, bastola, vumbi. Mwanamke kasimama mlangoni, leso mkononi, machozi tele. Salme alilia naye. Mimi nilifurahi kimoyomoyo: ndivyo nilivyomwandika Bibi katika mchezo wetu wa Saba Saba. Babu anaondoka na msafara kwenda Bagamoyo, Bibi anabaki mlangoni analia. Nitamwigiza mwenyewe.

Jumanne, 4 Julai

Bibi Shilinde kafika kutoka Ipole na kibuyu cha asali. Harufu ile! Nikawa mtoto wa miaka sita tena, namsuka, namwuliza mbona utosini nywele hazioti. Enzi zile alinijibu ni uzee tu. Ningeweza kurudi enzi hizo, ningerudi leo hii.

Jioni nikamwonyesha ninavyolia. Akacheka mpaka akakohoa. Eti nani alibaki mlangoni? Babu yako alibeba pembe za ndovu za Mwarabu. Chungu, unga, mkeka, vyote kichwani kwangu, mpaka pwani na kurudi. Mama yako mkubwa alizaliwa njiani, Ugogo. Tulipumzika siku moja, tukaendelea. Na huo upara ni wa ngata, ya kutulizia mzigo.

Miaka yote hadithi za safari alisimulia Babu, Bibi yuko jikoni, kimya. Nami sikumwuliza hata mara moja. Nimeona aibu sana.

Alhamisi, 6 Julai

Nimemwomba Mwalimu Nikolaus, msimamizi wetu, nibadilishe: nitembee na mzigo. Hataki! Kamati imeshapitisha. Tena mwanamke kubebeshwa mzigo mbele ya mgeni rasmi, baada ya Azimio la Arusha — itaonekana tunasifu unyonyaji. Na wanaume wanaobeba je? nikamwuliza. Wao mashujaa, kasema. Sijala kwa hasira.

Bibi kasema haidhuru, nilie tu. Kisha akageukia ukutani.

Ijumaa, 7 Julai — Saba Saba

Nyuma ya jukwaa. Ngoma ya safari inalia. Wavulana wamejipanga na mizigo yao. Leso ninayo. Nimechungulia pazia — kiti cha Bibi kitupu!

Yuko hapa. Kapitia mlango wa nyuma, kaazima chungu kwa mama yake Salme. Anaviringisha kanga iwe ngata.

Nikolaus kamwamkia shikamoo, kamsihi akakae. Marahaba mwanangu, kaitika, wala haondoki. Sasa Nikolaus ananikodolea macho mimi: Getruda, mlangoni, upesi!

Bibi kanyanyua chungu. Inama, mjukuu wangu, nikutwishe.

Siwezi kuinama huku naandika —