Mazishi Niliyoyakataa

Kiseke, Mwanza
Jumatatu jioni

Mama Tusa, mke wangu,

Nakusalimu kutoka huku ziwani. Mimi ni mzima, mafua ya wiki iliyopita yamekwisha. Sijui kama homa ya mama imemwachia kabisa au bado inamrudia. Mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Na Tusa, mguu wake umepona? Usimruhusu kucheza mpira mpaka aweze kuchuchumaa bila kukunja uso.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaongea habari za shule na za migomba, salio linakwisha, nami nabaki na jambo mkononi. Hili ni refu kidogo. Lisome ukiwa umekaa.

Nilikudokeza kwamba huku wameanzisha utaratibu wa kila mchungaji kukaa na mchungaji mstaafu mara chache kwa mwaka, wautazame utumishi wake pamoja. Si ukaguzi wala si kesi. Hakuna anayepandishwa wala kushushwa. Mimi nilipangiwa Mchungaji Kokushubila, mama wa Kihaya anayeishi Ilemela. Goti lake moja ni bovu, na kila akija anakuja na chupa yake ya kahawa isiyo na sukari, maana anasema chai yetu ni uji.

Mara ya kwanza alinipa karatasi ya maswali nikaijaza. Palipoandikwa "uhusiano na washarika" nikajaza: mzuri. Akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Mara ya pili hakuleta karatasi. Akauliza, "Mchungaji, niambie siku moja uliyorudi nyumbani chakula kikakushinda."

"Sikumbuki siku kama hiyo, mama."

Hakubisha. Akamimina kahawa, akanywa taratibu, akatazama nje kwenye mawe makubwa yaliyo nyuma ya ofisi. Alipomimina kikombe cha pili nikaona heri niseme.

Jambo lenyewe sikukuambia hata wewe. Nilikuwa na miezi miwili tu hapa. Asubuhi moja alikuja binti anaitwa Kabula, anatoka Pasiansi. Akanisalimu, akasema baba yake, fundi wa mitumbwi, amefariki alfajiri, na familia inaomba kanisa limzike. Nikafungua kitabu cha washarika. Yule mzee alikuwa ametengwa miaka mingi nyuma kwa sababu ya kuishi na mkewe bila kufunga ndoa kanisani, na tangu hapo hakurudi. Nikamwambia binti, "Poleni sana. Lakini kanisa lina utaratibu wake. Jina la baba yako halipo tena."

Akasema, "Sawa, mchungaji." Hakulia wala hakuniomba mara ya pili. Akakunja kanga yake, akaondoka.

Kesho yake nikasikia kwamba Mzee Masalu, mwenyekiti wa wazee wetu wa kanisa, alikwenda Pasiansi na Biblia yake, akasoma zaburi, akamzika yule fundi. Sikumuuliza, naye hakunieleza. Tangu siku hiyo watu wananisalimia vizuri, sadaka wanatoa, ibada wanakuja, lakini hakuna aliyewahi kuniletea shida yake ya nyumbani. Nimezika wengi baadaye, na sijala kwenye nyumba ya mtu hata mmoja. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni Mnyakyusa na Kisukuma sikijui. Ndiyo maana niliomba uhamisho. Wewe nilikuambia ni kwa ajili yenu. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli.

Mchungaji Kokushubila alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nilikosea. Aliuliza tu, "Ulipomjibu yule binti, ulikuwa unamwogopa nani?"

Nilikasirika. Nikamwambia sikumwogopa mtu, nilifuata kanuni.

"Kanuni naijua, nimeitumia miaka mingi kuliko wewe. Nauliza ulimwogopa nani."

Ikabidi nifikiri. Kisha nikasikia nikisema, "Nilimwogopa Mzee Masalu. Nilihofu ataniona mgeni kijana anayelegeza mambo."

Yeye ndiye aliyetangulia kucheka, si kwa kunidharau, nami nikajikuta nacheka huku macho yananiwasha. Nikamuuliza kama hayo atayaandika kwenye taarifa. Akasema, "Nitaandika kwamba tulikutana. Mengine ni yako, ujue utayafanyia nini."

Nilikaa nayo siku kadhaa. Ijumaa nikaenda Pasiansi peke yangu. Mjane, Mama Kabula, alikuwa ufukweni, ametandaza dagaa juu ya nyavu kuukuu. Alinikaribisha kwa mdomo lakini hakunipa kiti. Hata kwetu unajua hilo lina maana gani. Nikabaki nimesimama.

"Mama, nimekuja kuomba radhi kwa siku ya msiba."

"Unamwomba mzee au unaniomba mimi?"

"Wote wawili."

"Mzee hasikii tena. Mimi nasikia. Sema."

Nikasema. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu nyumbani, lakini yalitoka machache tu: kwamba binti yake alikuja kwangu akiwa na msiba nami nikamfungulia kitabu, na kwamba nilifanya vile kwa woga. Akaendelea kugeuza dagaa. Mwishowe akasema, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe, na mimi sikumdai. Wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani, tukakusanya wale dagaa haraka, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka matone yakaanza. Nikarudi Kiseke nimelowa, nanuka samaki.

Zikapita wiki tatu. Kisha Kabula akaja ofisini. Safari hii alikaa bila kuambiwa.

"Mama anasema Jumamosi tunajengea kaburi la baba. Anasema uje."

Nikamshukuru, nikamuuliza ibada wameipanga saa ngapi.

"Sala ataongoza Mzee Masalu," akasema. "Wewe uje tu."

Sitakuficha, iliniuma. Lakini nilikwenda, bila joho, bila kola. Walinipa koleo. Nilichanganya zege pamoja na wakwe na majirani, na Mzee Masalu aliposali nilisimama nyuma kati ya mafundi, nikaitikia amina kama wengine. Baadaye tukanawa mikono. Mama Kabula mwenyewe akaniwekea ugali na sato, akasema, "Kula, mchungaji, umefanya kazi." Nilikula nikamaliza. Wakati wa kuondoka Mzee Masalu alitembea nami hadi barabarani. Akasema, "Nilisubiri uniulize siku ile. Ungeniuliza, ningekuambia twende wote." Kisha akaanza kunieleza habari za mwanawe anayekunywa sana. Ni mtu wa kwanza hapa kunieleza jambo la nyumbani kwake.

Sasa nafika kwenye sababu ya barua. Jumanne iliyopita nilikwenda kwa mkuu wa jimbo nikaliondoa ombi langu la uhamisho. Nilifanya hivyo bila kukuuliza, na najua nilikuahidi Desemba tungekuwa pamoja nyumbani Tukuyu. Ni haki yako kukasirika. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine, wala kwenye simu ambako ungenyamaza tu, nami nisijue umenyamaza vipi.

Mpe salamu baba mkwe, na kaka yangu anayeangalia migomba. Msalimu mwalimu mkuu wako, na yule jirani aliyempeleka mama hospitali. Sijasahau wema wake. Tusa mwambie baba anamwombea kila siku.

Shule zikifungwa, njoo naye huku wiki mbili. Nyumba ya usharika ina vyumba viwili na maji yanatoka. Uwaone watu hawa, wakuone. Na kama baada ya kuwaona utasema turudi, nitaliandika ombi upya siku hiyo hiyo, nawe utalisoma kabla sijalipeleka.

Ni mimi mumeo,
Baba Tusa