Koti la Marehemu

Mjukuu wangu Esta,

Marahaba. Huku Zombo hatujambo, ila bibi yako bado anagombana na ngedere wa shambani.

Unauliza kama ni vibaya kuchekesha watu jukwaani kwa habari za kifo. Baba yangu aligoma mpaka mwisho kuhamia kijiji cha ujamaa. Siku ya kumzika, mtani wetu alikuja amevaa koti la baba, akakohoa kama yeye, akachungulia kaburini: "Mwenyekiti, nyumba haina hata dirisha! Sihami!"

Mwenyekiti wa kijiji hicho alicheka mpaka akakaa chini. Mama alicheka, ndipo akaweza kulia. Mtani akavua koti, akashika beleshi, akafukia.

Wewe nawe ni mtani wangu. Koti langu liko msumarini. Anza kujifunza kikohozi changu. Ukikosea, nitaamka nikusahihishe.

Babu yako