Kigingi cha Nne Kwenye Shamba la Bi Somoe

Baba yangu,

Shikamoo. Kesi ya kuchimba jasi imekwisha. Hukumu ilisomwa zamani kidogo, na karatasi yake imeletwa leo hapa Likawage kutoka boma la Kivinje, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwonyesha ni wewe.

Homa ile ilikuchukua wiki mbili kabla hatujaitwa shaurini. Baba mdogo Selemani akasema ombi lako la kuchimba limekufa pamoja nawe. Mimi nikasema nitakwenda, maana siku ulipopima eneo lile, aliyeshika upande wa pili wa kamba nilikuwa mimi, binti yako. Mwishowe akafuatana nami; tukatembea mpaka Nangurukuru, tukapata lori la ufuta la kwenda Kivinje.

Nilidhani mahakama itatazama nani mkubwa. Yule mzungu wa Lindi aliyeweka pingamizi, akidai yeye ndiye wa kwanza kupima pale, alikuja na wakili. Mimi nilikuja na mkoba wako wa ukili. Lakini hakimu aliuliza mambo madogo madogo. Nani alipiga vigingi kwanza? Tangazo lilibandikwa wapi? Marehemu aliweza kusoma masharti aliyotia sahihi? Nikajibu kwamba ni wewe uliyenifundisha kusoma, kwa kijiti mchangani, na kwamba herufi ya R ulikuwa ukiigeuza kila siku. Mkalimani alicheka. Hakimu hakucheka, aliandika.

Wiki iliyofuata akaja mwenyewe kuona. Aliinama kwenye kila kigingi. Vyako mchwa walishavila kwa chini na majani yamevizunguka. Vya yule bwana vilikuwa bado vinatoa utomvu. Wakili wake akakunja karatasi zake. Nikajua tumeshinda, na nikatamani uwe umesimama pale, Baba, na kofia yako mkononi.

Kisha tukafika kigingi cha nne, kile kilicho ndani ya mikorosho ya Bi Somoe.

Hakimu akaniambia bado niko chini ya kiapo. Akauliza, "Baba yako alimwomba mwenye shamba ruhusa?"

Nilikumbuka ulivyofuta jasho siku ile ukaniambia, "Nitamwambia Somoe mvua zikiisha." Mvua zimekwisha, nawe haupo. Bi Somoe alikuwa amesimama kando, anatazama makaburi ya wanawe wawili, hatua chache tu kutoka kwenye kigingi chako. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Ningeweza kusema ndiyo. Nani angebisha? Yeye ni mjane asiye na mtu wa kumsemea, na wewe umelala.

Nikasema, "Hapana, hakumwomba. Alikuwa na nia."

Basi uamuzi ndio huu. Ombi limekubaliwa, kwa jina la warithi wako. Lakini mpaka umerudishwa nyuma, na shamba zima la Bi Somoe limetolewa nje ya eneo letu. Unajua kilicho chini yake. Ndipo uliponionyesha lile tabaka nene jeupe, ukalipiga jembe, ukacheka peke yako. Tulilobakiwa nalo ni jembamba.

Baba mdogo hakunisemesha mwezi mzima. Nami, niseme kweli, nilikukasirikia. Kwa nini uliniachia mimi swali lile? Nisamehe. Nimeliandika ili litoke.

Baadaye nilikwenda kwa Bi Somoe kukuombea radhi. Nilimkuta akimenya muhogo. Akanipa kisu cha pili, tukamenya pamoja. Ndipo akasema, "Baba yako nimekua naye. Angeniuliza, ningempa upande wa bondeni. Makaburi tu angeniachia." Halafu akauliza, taratibu kabisa, "Kwani aliniogopa nini?"

Labda uliogopa atakataa. Labda uliona haya kumwomba mama aliyefiwa ardhi iliyo karibu na wanawe. Nimechagua kuamini hilo la pili.

Juzi nilimwomba rasmi, mbele ya jumbe na baba mdogo. Alikubali upande wa bondeni, akatia dole gumba lake kwenye ombi jipya. Kisha akatembea mbele yetu, akasimama mbali na makaburi, akachoma fimbo yake ardhini. "Hapa," akasema, "na msipite hapa." Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo. Hatujui mahakama itasema nini safari hii, lakini wakiniuliza lile swali, nitajibu bila kukanyagwa mguu.

Lala salama, Baba. Mungu akupanulie kaburi lako. Kazi uliyoianza nitaifanya, na hii ndiyo ahadi yangu: sitapiga kigingi mahali popote kabla sijapiga hodi.

Binti yako,
Zainabu